Tuliibiwa Akasia, au Tulichelewa Kikaoni?

Ukitaka kuchangamsha chai ya saa nne katika idara yoyote ya botania Afrika Mashariki, sema tu kwamba mgunga si Acacia tena. Hapo hapo atatokea mmoja wa kusema "Waustralia wametuibia jina." Mwingine ataapa kuandika Acacia tortilis mpaka siku anastaafu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuzoea majina ya Kilatini, atabaki anajiuliza aandike nini kwenye mtihani.

Lalamiko hili sasa lina miaka ishirini. Limeshakuwa kama hadithi ya kijiweni: kila mtu anaijua, na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Nataka kulihakiki kama tunavyohakiki hoja nyingine yoyote ya kisayansi: tuone lina ukweli kiasi gani, limepotoka wapi, na limetugharimu nini. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Lalamiko lina haki nusu. Utaratibu uliotumika ulikuwa mbovu kweli. Lakini tulichopoteza si kile tunachokililia, na hasara kubwa iliyobaki leo tunajitia wenyewe.

Kazi mbili ambazo watu huzichanganya

Tuanze hapa, maana ubishi mwingi hufa mtu akielewa jambo hili moja. Uainishaji ni kazi moja, utoaji majina ni kazi nyingine. Uainishaji unauliza: mti upi ni ndugu wa mti upi? Jibu lake linatoka kwenye ushahidi, yaani maua, matunda, miiba, chavua, na siku hizi zaidi vinasaba. Utoaji majina unauliza: ukishapanga ndugu, kila ukoo utaitwa nani? Jibu lake linatoka kwenye kanuni ambazo watu wamekubaliana, na kanuni hizo hubadilishwa kwa kura.

Kwenye uainishaji, Acacia ya zamani ilikuwa gunia kubwa. Ilibeba zaidi ya spishi 1,300 kutoka Afrika, Asia, Amerika na Australia. Vinasaba vilipoanza kusomwa, ikaonekana gunia limechanganya koo ambazo hazina undugu wa karibu. Chukua muwati, ule mti wa Australia unaopandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome na kuni. Undugu wake na kundi la mkenge, yaani Albizia, ni wa karibu kuliko undugu wake na mgunga wa Serengeti. Ukisisitiza kuwaweka muwati na mgunga katika jenasi moja, basi kwa uaminifu itabidi umwingize na mkenge humo humo. Hakuna aliyetaka kwenda huko.

Kwa hiyo gunia likapasuliwa. Yalitoka makundi matatu makubwa na mengine madogo ya Amerika. Kundi la Australia lina karibu spishi 1,000, nyingi hazina miiba, na nyingi zina kikonyo cha jani kilichotanuka kikafanya kazi ya jani lenyewe. Kundi la pili, takriban spishi 160, lina miiba iliyonyooka inayokaa miwilimiwili kwenye kifundo cha jani, na mara nyingi maua yake ni vijiduara vya njano au vyeupe. Humo wamo mgunga mwavuli (tortilis), ule wa gome la njano unaoota kandokando ya maji (xanthophloea), na nilotica. Kundi la tatu, takriban spishi 200, lina miiba iliyopinda kama kucha za paka, na maua yake mara nyingi hukaa kwenye mkia mrefu. Humo wamo senegal, mellifera na polyacantha.

Mchungaji yeyote wa Dodoma au Kajiado anaijua tofauti hii kwa ngozi yake. Mwiba ulionyooka unakuchoma unatoka. Uliopinda unakushika shati, na ukirudi nyuma anakuchana zaidi. Hata Kiswahili kimeligusa jambo hili: mgunga ni jina pana, lakini sehemu nyingi jina la kikwata huangukia miti ya miiba iliyopinda kama mellifera na senegal. Mipaka ya majina haya si safi, hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini anayesema mgawanyo huu ni mambo ya maabara tu, yasiyoonekana porini, hajawahi kupita kichakani akiwa na haraka.

Kwa upande wa uainishaji, basi, sioni wizi wowote. Ushahidi ulikuwa mzuri na umezidi kuwa mzuri.

Jina linakwenda na nani?

Ukoo ukigawanyika, nani anabaki na jina la babu? Kanuni za kimataifa zina jibu rahisi. Kila jina la jenasi limefungwa kwenye spishi moja ambayo ni kielelezo chake. Popote kielelezo kinapokwenda, jina linakifuata. Ni kama hati ya nyumba: watoto wanaweza kuhama, lakini hati inakaa na yule ambaye jina lake limeandikwa.

Kielelezo cha Acacia kilikuwa ni nilotica, mti wa bonde la Nile. Na hilo halikuwa la bahati. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, alitumia neno akakia kwa mti wa miiba wa Misri. Philip Miller alipolichapisha kama jina la jenasi mwaka 1754, alikuwa anaendeleza neno lenye asili hiyo. Kwa kanuni ya kawaida, jina Acacia lingebaki na kundi la miiba iliyonyooka, na Waaustralia wangehamia jina jingine. Jina lenyewe lilikuwepo tayari: Racosperma. Tena aliyependekeza litumike, mwaka 1986, ni Les Pedley, Mwaustralia mwenyewe kutoka Queensland.

Mwaka 2003 wanabotania wawili wa Australia, Orchard na Maslin, wakaleta pendekezo tofauti: kielelezo kibadilishwe. Badala ya nilotica iwe Acacia penninervis, mti wa Australia. Hoja yao kubwa ilikuwa hesabu. Tukifuata kanuni, majina karibu 1,000 yatabadilika. Tukihamisha kielelezo, yatabadilika machache zaidi. Kanuni zinaruhusu jambo hili pale utulivu wa majina unapohitaji, kwa hiyo pendekezo lenyewe halikuwa haramu.

Hoja ya hesabu ina uzito, lakini ina shimo pia. Inahesabu majina, haihesabu watumiaji. Spishi karibu zote za Australia ziko katika nchi moja, yenye serikali moja, fedha, na taasisi za kurekebisha orodha zake zote kwa miaka michache. Miti ya miiba imesambaa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika, nyingi zikiwa na bajeti za utafiti za kuokoteza. Kitabu kikuu cha mimea yetu, Flora of Tropical East Africa, kilichapisha sehemu ya kundi hili mwaka 1959, kazi ya Brenan, na humo yote ni Acacia. Kubadilisha jina moja Canberra na kubadilisha jina moja katika nchi ambayo hebaria yake ina wafanyakazi wa kuhesabika kwa vidole si gharama ileile. Melissa Luckow na wenzake waliandika upinzani wa kitaalamu mwaka 2005. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna aliyetetea upande wa pili.

Vienna: wachache walishinda vipi

Hapa ndipo lalamiko lina haki yake, na napenda tuliseme kwa usahihi badala ya kupiga kelele.

Pendekezo lilipita kwanza kwenye kamati ya wataalamu wa mimea ya mbegu: 9 waliunga mkono, 6 walipinga. Kamati kuu ikaliidhinisha. Mwaka 2005 likafika Vienna, kwenye Kongamano la Kimataifa la Botania. Kura zikapigwa. Kati ya kura 450, waliopinga walikuwa 247, waliounga mkono 203. Yaani karibu asilimia 55 ya kura zilisema hapana.

Na pendekezo likapita.

Likapitaje? Kwa sababu swali halikuulizwa hivi: "Je, tubadilishe?" Liliulizwa hivi: "Je, tuikatae taarifa ya kamati?" Na kukataa kulihitaji asilimia 60. Wapinzani walikuwa wengi, lakini hawakufika kiwango hicho. Mzigo wa kupata wingi mkubwa uliwekwa mgongoni mwa wale waliotaka mambo yabaki yalivyo.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na tusiipuuze. Kamati hupokea mapendekezo mengi. Kama kila moja lingejadiliwa upya ukumbini, kongamano lisingeisha. Wataalamu wanasoma, wanapima, wanapendekeza, na ukumbi unaingilia pale tu penye kosa la wazi. Kwa jina la mmea ambao watu ishirini duniani wanaujua, sawa kabisa. Lakini kwa jenasi inayogusa mabara manne, na kamati yenyewe imegawanyika 9 kwa 6, kutumia kizingiti kile kile ni kutumia wembe wa kunyolea kukata mti. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa la utaratibu. Mwaka 2011 huko Melbourne suala likarudi, zikaletwa na njia za kati, ikiwemo ya kuunda majina mawili mapya ili kila upande ubaki na neno "acacia" ndani ya jina lake. Zote zikashindwa, na uamuzi wa Vienna ukathibitishwa kwa zaidi ya theluthi mbili. Mchezo ukaisha.

Kuna jambo jingine ambalo huku kwetu halisemwi sana. Kura kwenye vikao hivi ni za aina mbili. Aliyehudhuria ana kura yake moja. Na taasisi zenye hebaria zina kura kuanzia 1 hadi 7 kulingana na ukubwa, ambazo zinaweza kubebwa na mjumbe wa taasisi nyingine. Hebaria kubwa kama ya Kew inabeba kura nyingi, hebaria ndogo inabeba moja. Ukiangalia sampuli za mimea ya Afrika zilikohifadhiwa tangu enzi za ukoloni, utaelewa mwenyewe mizani imeegemea wapi. Huu ndio ukosefu wa haki wa kujadili. Jina Acacia ni dalili yake mojawapo tu.

Kama tungeshinda

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu uhakiki unaomkosoa jirani pekee ni majungu.

Hebu tufanye jaribio la mawazo. Tuseme Vienna wapinzani walipata asilimia 60 na jina likabaki na nilotica. Migunga yetu ingeitwaje leo? Wale wa miiba iliyonyooka wangebaki Acacia. Lakini wale wa miiba iliyopinda wangehama vilevile, kwa sababu hawako kwenye ukoo wa nilotica. Senegal, mellifera, polyacantha, wote wangekuwa Senegalia kura ikiwa hivi au vile. Barani Afrika makundi haya mawili yanakaribiana kwa idadi ya spishi. Maana yake, karibu nusu ya mabadiliko tunayoilalamikia Australia yangetufikia hata kama Australia ingekaa kimya.

Na mti wenye soko kubwa kuliko yote humo, ule unaotoa gundi ya arabiki ya Sudani ambayo huwekwa kwenye soda na pipi, ni huyo huyo senegal. Biashara bado inaiita gundi ya akasia. Ungekuwa ushindi wa ajabu: jina limerudi Afrika, na mti maarufu zaidi wa Afrika haumo ndani yake.

Kuna kejeli nyingine. Neno Senegalia limebeba jina la nchi ya Afrika. Vachellia ndilo geni hasa, maana linamkumbuka George Harvey Vachell, kasisi wa Kiingereza aliyekusanya mimea akiwa Macao, China. Ukimwonyesha mgeni mgunga mwavuli wa Serengeti, unamtajia kasisi wa Macao. Na muwati wa Njombe, ambao sasa ni Acacia halali, unaitwa Acacia mearnsii kwa heshima ya Edgar Mearns, Mmarekani aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 na msafara wa Theodore Roosevelt. Mti ni wa Australia, lakini spishi hiyo ilielezwa kisayansi kwa sampuli ya mti uliopandwa huku kwetu. Anayetafuta usafi wa "jina letu" na "jina lao" katika botania atachoka bure. Historia ya majina haya ni ya meli, makasisi na misafara, mwanzo hadi mwisho.

Hasara tunayojitia wenyewe

Hoja inayonigusa zaidi ni hii. Jina la kisayansi ni ufunguo wa taarifa. Ukiwa na ufunguo mmoja wakati kabati lina kufuli mbili, nusu ya kabati hulioni.

Chukua drepanolobium, mgunga mfupi wa udongo mweusi wenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi hukaa, na upepo ukipita kwenye vitundu vyake hupiga mluzi. Ni moja ya miti iliyochunguzwa sana Afrika Mashariki, hasa Laikipia. Mwaka 2024 jarida la Science lilitoa utafiti kutoka Ol Pejeta: sisimizi wageni wanawaondoa sisimizi walinzi wa mti huu, tembo wanavunja miti, uwanda unabaki wazi, na simba wanapata shida kumvizia pundamilia. Kisa kizuri kweli! Lakini utafiti huo unatumia Vachellia, na tafiti nyingi za miaka ya nyuma zilizojenga msingi wake zinatumia Acacia. Mwanafunzi anayetafuta kwa jina moja tu atadhani amesoma yote. Ataandika pendekezo la utafiti, ataambiwa kazi hiyo ilishafanywa zamani.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayechunguza dawa za asili, malisho ya mbuzi, au mbegu za kurudisha misitu. Na tatizo halitokani na kura ya Vienna peke yake. Linatokana na sisi kukaa miaka ishirini katikati: mhadhiri mmoja anafundisha jina jipya, mwingine anafundisha la zamani kwa hasira, vibao vya bustani vinasema hiki, orodha ya mbegu inasema kile. Wakati huo kazi ya kuhamisha majina ya Afrika kwa utaratibu ilishafanyika. Mwaka 2013 Kyalangalilwa na wenzake walichapisha uainishaji mpya wa kundi hili kwa bara zima. Nyenzo ipo.

Wanaogoma nao wana kisingizio cha kanuni. Ni kweli kanuni hazimlazimishi mtu kukubali mgawanyo. Anayeamini jenasi pana anaruhusiwa kuandika Acacia tortilis. Lakini basi atuletee ushahidi wa hiyo jenasi pana, na atuambie mkenge atauweka wapi. Uzalendo hauhesabiki kama data.

Na tusidanganyane kwamba jina jipya haliwezi kuzoeleka. Mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua, unaopendwa na wakulima kwa kurutubisha shamba, zamani ulikuwa Acacia albida. Chevalier aliuhamisha mwaka 1934 ukawa Faidherbia, jina la gavana Mfaransa wa Senegal! Leo wataalamu wa kilimo mseto wanasema Faidherbia bila kusita, kwa sababu lilifundishwa, likaandikwa, likarudiwa.

Kikao kijacho

Julai 2024, Madrid, kulipigwa kura nyingine. Gideon Smith na Estrela Figueiredo, wanaofanya kazi Afrika Kusini, walipendekeza kufuta tusi la kibaguzi lililomo kwenye majina kama caffra, liwe affra. Zaidi ya spishi 200 zinaguswa, na miongoni mwao ni ndugu wa kikwata wetu, Senegalia caffra, pamoja na mti wa jamii ya mwamba-ngoma, Erythrina caffra. Safari hii waliotaka mabadiliko ndio waliobeba mzigo wa asilimia 60. Walipata kura 351 dhidi ya 205. Walipita kwa sababu waliandika hoja, waliichapisha kwa wakati, na watu walikuwepo ukumbini kuipigia.

Kongamano linalofuata ni Cape Town, mwaka 2029, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nauli ya kufika huko si ya Vienna. Kama tuna lalamiko kuhusu Acacia, mahali pa kulipeleka ni pale, na lisiwe "turudishieni jina," kwa sababu hilo limeisha. Liwe la utaratibu: kwa nini wachache waweze kushinda wengi, na kwa nini hebaria ya nchi yenye mimea iwe na kura moja wakati hebaria ya nchi iliyoichukua ina saba? Mapendekezo kama hayo huandikwa na kuchapishwa miaka kabla ya kikao, si wiki moja kabla.

Mpaka hapo, wewe mwanafunzi unayesubiri kujua uandike nini kwenye mtihani na kwenye tasnifu: andika Vachellia tortilis, na mara ya kwanza weka kwenye mabano "zamani Acacia tortilis." Ukitafuta makala, tafuta kwa majina yote mawili. Ukiokota tawi porini, lipeleke hebaria likiwa na lebo kamili pamoja na jina wanalolitumia wenyeji wa pale, liwe mgunga au kikwata. Sampuli ikiwepo, jina likibadilika tena, wa baada yako watajua ulikuwa unazungumzia mti gani.